Shabana Azmi na Smita Patil: namna ya kuwalinganisha bila kudanganywa na hesabu ya tuzo

Ukitajwa uigizaji wa India wa miaka ya 1970 na 1980, majina mawili hufuatana: Shabana Azmi na Smita Patil. Swali linalofuata nalo ni lile lile kila siku: nani alikuwa zaidi? Majibu hayachelewi. Mmoja atahesabu tuzo za taifa, tano za Shabana na mbili za Smita, kisha atafunga mjadala. Mwingine atasema Smita alifariki akiwa na miaka 31 tu, na kwamba angeishi angempita mwenzake, dai ambalo hakuna awezaye kulithibitisha wala kulikanusha. Wa tatu atakuja na maelezo yaliyozoeleka kuliko yote, kwamba Shabana aliigiza kwa akili na Smita kwa moyo. Haya ya tatu ndiyo yanayopotosha zaidi. Yanapendeza masikioni, lakini ukikaa mbele ya filamu zenyewe hayasimami hata kwa nusu saa.

Yametokana na historia za maisha yao, si na kazi yao. Shabana alizaliwa Hyderabad tarehe 18 Septemba 1950. Baba yake, Kaifi Azmi, alikuwa mshairi mkubwa wa Kiurdu, na mama yake, Shaukat, mwigizaji wa jukwaani. Alisoma saikolojia katika chuo cha St. Xavier's, Bombay, ndipo akaenda Pune kusomea uigizaji katika Chuo cha Filamu na Televisheni cha India. Mtu mwenye wasifu huo, hata akilia machozi ya kweli, watu watasema amelisomea lile chozi. Smita alizaliwa Pune tarehe 17 Oktoba 1955, baba mwanasiasa, mama mhudumu wa jamii. Hakupita chuo cha uigizaji. Alikuwa akisoma habari za Kimarathi katika televisheni ya taifa, Doordarshan, kituo cha Bombay, mwongozaji Shyam Benegal alipomwona na kumwita kwenye filamu. Basi wakasema huyu ni kipaji cha kuzaliwa nacho, hakufundishwa na mtu.

Wanaosema hivyo husahau kazi ya msoma habari ilivyo. Ni mtu anayekaa mbele ya kamera moja isiyosogea, uso umejaa kioo, mikono haina la kufanya, na akipepesa jicho mahali pasipofaa nchi nzima inaona. Sauti lazima ishuke na kupanda bila mwili kusaidia. Ukichukua ujuzi huo ukaupeleka kwenye filamu unapata kile hasa ambacho Smita alikuwa nacho: uwezo wa kutulia mbele ya lenzi bila kufa usoni. Hayo ni mafunzo, tofauti tu na ya Pune. Kwa upande wa pili, waliosomea uigizaji ni wengi, na hakuna chuo kilichowahi kumpa mtu ile hasira anayoimwaga Shabana mwishoni mwa filamu ya "Ankur".

Kwa hiyo mgawanyo wa akili na moyo tuuweke kando. Kilichopo cha kulinganisha ni vitu vitatu, na kila kimoja kina mtego wake: muda wa kazi, tuzo, na uigizaji wenyewe.

Muda kwanza, maana ndio unaoharibu hesabu nyingine zote. "Ankur", filamu ya kwanza ya Shabana kufika kwa watazamaji, ilitoka mwaka 1974, na hadi leo bado anaigiza. Mwaka 2023 alikuwamo katika "Rocky Aur Rani Kii Prem Kahaani". Ni takriban miaka 50. Smita alianza kuonekana katika filamu za Benegal mwaka 1975 na akafariki tarehe 13 Desemba 1986 kwa matatizo yaliyofuatia uzazi, siku 15 baada ya kumzaa mwanawe. Kazi yake nzima ni kama miaka 12, na baadhi ya filamu zake zilitoka yeye akiwa hayupo. Ukiwalinganisha kwa maisha yao yote, unalinganisha mtu aliyeigiza msichana, mke, mama na bibi, na mtu ambaye hakupewa nafasi ya kuzeeka mbele ya kamera. Dirisha la haki ni moja tu: 1974 hadi 1986.

Sasa tuzo. Tuzo za Taifa za Filamu nchini India hutolewa na jopo linaloteuliwa na serikali, na mwaka unaohesabiwa ni ule filamu ilipopata cheti cha bodi ya ukaguzi, si ule ilipofika kwenye majumba ya sinema. Ndiyo maana utakuta "Chakra" ya Smita imeandikwa 1980 mahali pamoja na 1981 mahali pengine, na "Khandhar" ya Shabana 1983 hapa na 1984 pale. Wanaobishana kuhusu tarehe hizi mara nyingi wote wako sahihi. Ukipanga kwa mwaka wa tuzo unapata hivi: Shabana kwa "Ankur" (1974), Smita kwa "Bhumika" (1977), Smita tena kwa "Chakra" (1980), halafu Shabana mara tatu mfululizo kwa "Arth" (1982), "Khandhar" (1983) na "Paar" (1984). Ya tano ya Shabana, ya "Godmother", ni ya mwaka 1998, miaka 12 baada ya Smita kufariki. Ndani ya dirisha la haki, basi, si tano kwa mbili. Ni nne kwa mbili.

Hesabu hiyo bado inampa Shabana ushindi, na sioni sababu ya kuuficha. Lakini angalia mfuatano wake. Kuanzia 1974 hadi 1984, miaka 11, wanawake hawa wawili walichukua tuzo sita, katika nchi yenye lugha za filamu zaidi ya kumi na waigizaji wasiohesabika. Tuzo za Filmfare, ambazo hutolewa na jarida na huelekea zaidi sinema ya Kihindi ya Bombay, zinaonyesha jambo lingine: mwaka 1984 Shabana aliteuliwa kwa filamu nne katika kundi moja la mwigizaji bora wa kike, "Arth", "Avtaar", "Mandi" na "Masoom", na mshindani pekee aliyebaki alikuwa Sridevi kwa "Sadma". Mtu anayeteuliwa mara nne kwa mwaka mmoja anapata majukumu mengi makubwa, na anayepata majukumu makubwa ndiye anayeonwa na majopo. Smita alikuwamo katika mbili kati ya filamu hizo nne, "Arth" na "Mandi", ila katika nafasi iliyo ndogo kuliko ya mwenzake. Tuzo hupima nafasi aliyopewa mtu pamoja na alichokifanya nayo, na haiwezekani kuvitenganisha kwa kutazama orodha ya washindi.

Pa kuvitenganisha ni kwenye filamu walizocheza pamoja. Kwa bahati njema zipo nne zenye uzito: "Nishant" (1975), "Albert Pinto Ko Gussa Kyoon Aata Hai" (1980), "Arth" (1982) na "Mandi" (1983). Mbili kati yake ni za mwongozaji mmoja, Benegal, ambaye ndiye aliyewatoa wote wawili.

"Nishant" imewekwa mashambani Telangana mwaka 1945. Shabana ni Sushila, mke wa mwalimu wa shule, anayetekwa na ndugu za kabaila na kufungiwa katika jumba lao. Smita ni Rukmini, mke wa mdogo wa makabaila hao, anayelazimika kumwona mumewe akivutwa na mateka. Kila mmoja ni mke aliyedhulumiwa, ila mwandishi amempa Sushila safari na Rukmini hali. Sushila anaanza akiwa ameridhika na maisha, anavunjwa, anagundua kwamba mumewe hatafanya chochote cha maana kumwokoa, na wanapokutana hekaluni anamtolea hasira ambayo amekuwa akiilea kwa muda mrefu. Hapo ndipo Shabana anapoonyesha kile kitakachokuwa alama yake: unaona kwa macho mhusika akibadilika. Uso unatafakari, unapima, unakata shauri, ndipo maneno yanatoka. Mtazamaji anatangulia kuujua uamuzi kwa sekunde moja, na sekunde hiyo ndiyo inayochoma.

Rukmini hana tukio kama hilo. Smita amebaki na macho na namna ya kukaa ndani ya nyumba ambayo ni yake na si yake. Ndiyo kwanza alikuwa anaanza, na kuna pahali unaona ugeni wake: baadhi ya mistari inatoka kwa sauti sawa mno. Lakini mtazame anapomwangalia mumewe bila kusema kitu. Hatafuti namna ya kutufahamisha anachohisi. Anakiacha kiwepo tu. Kwa mwigizaji mchanga hilo ni jambo gumu kuliko kulia, kwa sababu hofu ya kila anayeanza ni kwamba watu hawataona.

Tofauti yao, kwa jinsi tunavyoisoma, inaanzia hapo, na haihusu akili wala moyo. Shabana yuko juu kabisa katika kuigiza badiliko. Smita yuko juu kabisa katika kuigiza ustahimilivu, mtu anayesimama pale pale huku ulimwengu ukimsukuma. Mpe Shabana tukio lenye mgeuko naye atakuonyesha kila ngazi ya kushuka au kupanda. Mpe Smita tukio lisilo na mgeuko wowote naye atalijaza.

"Albert Pinto" tuipite upesi, kwa kuwa wote wawili wamo pembeni mwa hadithi ya fundi magari Mkristo wa Bombay mwenye hasira. Shabana ni Stella, mpenzi wa Albert, karani wa ofisi. Smita ni Joan, dada yake, anayeuza sari dukani na anayechechemea. Cha kuangalia ni mguu wa Joan. Waigizaji wengi wakipewa ulemavu huucheza, kila hatua inakuwa tangazo. Smita anatembea kama mtu aliyekwisha uzoea mguu huo tangu utotoni na ambaye ana haraka zake za siku.

"Arth" ndiyo filamu inayozua ugomvi, na hapa inafaa kwenda taratibu. Mwongozaji ni Mahesh Bhatt. Pooja, anayeigizwa na Shabana, ni mwanamke aliyelelewa bila wazazi, ambaye ndoto yake ya maisha ni kuwa na nyumba yake. Mumewe Inder anamwacha kwa ajili ya Kavita, mwigizaji nyota mwenye maradhi ya akili, anayeigizwa na Smita. Filamu iko upande wa Pooja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Yeye ndiye mwenye safari: mke, mke aliyeachwa, mwanamke wa hosteli, mfanyakazi, na hatimaye mtu anayejitegemea.

Tukio maarufu ni lile la tafrija, Pooja akiwa amelewa na kumvaa Kavita mbele ya wageni. Wengi wanalikumbuka kwa kelele. Lirudie uangalie pombe. Kosa la kawaida la kuigiza ulevi ni kuyumba na kuburuza maneno. Mlevi wa kweli hufanya kinyume chake: hujitahidi kusimama wima na kutamka sawasawa, na jitihada hiyo ndiyo inayomfichua. Shabana anacheza jitihada. Hasira yake inakuja kwa mawimbi, inatulia, anajikusanya, inarudi ikiwa kali zaidi. Mistari karibu yote ni yake. Sasa tazama upande wa pili wa fremu. Smita hana la kusema la maana, na kishawishi kwa mwigizaji yeyote katika nafasi hiyo ni kujitetea kwa uso ili naye aonekane. Hafanyi hivyo. Anapokea. Asingepokea, mishale ya Shabana ingeruka hewani tu.

Kavita hajawa mhusika wa kunyamaza katika filamu nzima. Ana matukio ya kupayuka, ya hofu ya kuachwa, ya kumshuku Inder hata anapokuwa amemkumbatia. Wanaosema Smita alijua utulivu pekee hawajayaangalia vizuri. Ila mswada haukumpa daraja la kutoka tukio moja hadi lingine: tunamwona akiwa mzima, kisha akiwa ameharibikiwa, na kilichotokea katikati tunakisia. Shabana amepewa kila daraja. Huu ndio udhaifu wa kuitumia "Arth" kama mizani. Kwa "Arth" peke yake Shabana anashinda, na kwa mbali, lakini nusu ya ushindi huo ni wa ukurasa ulioandikwa.

Mwisho wa filamu ni wake pia, na ni kazi safi. Inder anarudi kuomba msamaha. Pooja anamuuliza: kama yeye ndiye angefanya hayo kisha akarudi, angempokea? Inder anajibu hapana. Hapo mwigizaji ana njia mbili rahisi, machozi au tabasamu la ushindi. Shabana haendi kokote kati ya hizo mbili. Anapokea jibu kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilokuwa akilijua, na anaondoka.

Katika "Mandi" mambo yanageuka. Shabana ni Rukmini Bai, mwenye danguro mjini Hyderabad. Alijiongeza unene kwa ajili ya nafasi hiyo, na mwili ule anautumia kama mtu aliyezaliwa nao. Smita ni Zeenat, mwimbaji wa nyumba ile, ambaye Rukmini Bai anamlinda asiguswe na wateja. Rukmini Bai hanyamazi. Ana sauti moja kwa polisi, nyingine kwa tajiri anayetaka kuwahamisha, nyingine kwa wasichana wake, na nyororo kuliko zote kwa Zeenat. Ni uigizaji wa vichekesho wenye kasi, na hakuna dakika inayoonekana imepangwa. Aliyesema Shabana ni wa akili tupu aende akautazame huu. Zeenat, naye, ni mhusika ambaye kila mtu anazungumza juu yake na kwa niaba yake, na siri ya uzazi wake inajulikana na wengine kabla yake. Smita anamfanya awe mtu mwenye mipango yake kimya kimya, kiasi kwamba anapotoroka huoni kama hadithi imeruka. Ni nafasi ndogo, na ni mojawapo ya kazi zake nzuri.

Kwa kazi walizofanya kila mtu peke yake, jozi inayofaa ni "Ankur" na "Bhumika", kwa kuwa ni za Benegal zote na zimetofautiana miaka mitatu tu. Katika "Ankur" Shabana ni Lakshmi, mtumishi Mdalit (wa tabaka linalodharauliwa kuliko yote India) mwenye mume mfinyanzi asiyesikia wala kusema, anayepata mimba ya mtoto wa kabaila. Msichana wa mjini, binti wa mshairi, anachuchumaa, anafagia, anabeba mzigo na kuongea Kidakhani cha watu wa Hyderabad bila mwili wake kukumbusha hata mara moja kwamba amezoea kiti. Halafu mume anachapwa viboko bila kosa, naye anamgeukia kabaila kijana na kumlaani. Tukio zima limejengwa juu ya unyamavu wa saa nzima na zaidi uliotangulia. Wasioona kitu hapo ni wale walioirukia laana bila kuutazama unyamavu.

"Bhumika" ni mlima mwingine. Msingi wake ni kumbukumbu za maisha za mwigizaji wa zamani Hansa Wadkar. Smita, akiwa na miaka kama 21 tu, anamwigiza Usha tangu anapokuwa msichana hadi anapokuwa mama wa binti mkubwa, na juu ya hayo anaigiza uigizaji wenyewe, kwa sababu Usha ni nyota wa filamu za kale zenye ishara nzito na nyuso za kukuza. Kwa hiyo kuna ngazi mbili katika mtu mmoja: Usha mbele ya kamera ya zamani, mwenye madaha, na Usha nyumbani, aliyechoka. Ugumu uko kwenye mpaka wa ngazi hizo. Smita anauvuka bila kubadili sana uso. Anabadilisha mgongo na shingo. Akiwa nyota, shingo ni ndefu na kidevu kimeinuliwa. Nyumbani kwa mume mnyonyaji kidevu kinashuka. Katika jumba la tajiri Kale, ambako anaishi kwa raha hadi anapogundua kwamba haruhusiwi kutoka, shingo inarudi kuwa ya nyota kwa muda, na safari hii ni ya kiburi cha kujikinga. Kama tungelazimishwa kuchagua kazi moja kati ya zote za wanawake hawa ndani ya dirisha letu, tungechagua hii.

Baada ya hapo njia zao zinatengana vizuri. Shabana anafanya "Sparsh", "Masoom", "Khandhar", "Paar". Katika "Paar" ya Goutam Ghose yeye na Naseeruddin Shah ni mume na mke maskini waliokimbia Bihar, ambao ili wapate nauli ya kurudi wanakubali kuvusha kundi la nguruwe kwa kuogelea mto mpana, mke akiwa mjamzito. Tukio ni refu kupita kiasi, na urefu huo ni wa makusudi. Hakuna mgeuko ndani yake, ni kustahimili tu, yaani eneo ambalo tumesema ni la Smita. Shabana analimudu kwa kupumua: pumzi inafupika, inakatika, inarudi. Na katika "Khandhar" ya Mrinal Sen, akiwa binti anayeishi katika magofu na mama kipofu, anafanya kidogo zaidi kuliko alivyowahi kufanya popote. Tofauti tuliyoitaja si sheria, ni mahali kila mmoja alipoanzia.

Smita alikwenda kwenye lugha nyingi zaidi. Alifanya filamu ya Kibengali na Mrinal Sen, ya Kigujarati "Bhavni Bhavai", ya Kimalayalam "Chidambaram", na za Kimarathi kwao nyumbani, ambako "Umbartha" ya Jabbar Patel ndiyo kilele: msimamizi wa makao ya wanawake anayeacha familia ili afanye kazi, na kulipa gharama yake. Katika "Mirch Masala", iliyotoka baada ya kifo chake, yeye ni Sonbai, anayemkataa mkusanya kodi na kukimbilia kiwanda cha kusaga pilipili. Nusu ya filamu yuko nyuma ya mlango uliofungwa, hana pa kwenda, wanawake wenzake wakimshinikiza ajitoe ili wao wapone. Hilo ni jukumu la ustahimilivu mtupu, na ni vigumu kumwona mtu mwingine wa wakati ule akilibeba.

Wote wawili waliingia pia sinema ya kibiashara, na wengi huitaja kama doa. Filamu za kina Benegal zililipa kidogo na zilifika kwa wachache. "Manthan" ya 1976, ambamo Smita yumo, iligharamiwa na wafugaji 500,000 wa ushirika wa maziwa wa Gujarat waliochanga rupia 2 kila mmoja. Mwigizaji hawezi kuishi kwa michango. Shabana alikuwa katika "Amar Akbar Anthony" mwaka 1977. Smita mwaka 1982 alikuwa na Amitabh Bachchan katika "Namak Halaal" na "Shakti". Shabana anaelea vizuri zaidi katika filamu hizo, maana kasi haimpi taabu. Smita kwenye wimbo wa mvua wa "Namak Halaal" anafanya kila alichoambiwa, lakini kamera ile haitaki kutulia naye, na bila utulivu uwezo wake hauna mahali pa kukaa. Usimhukumu kwa filamu hizo.

Ukitaka kufanya ulinganisho huu mwenyewe, anza na "Nishant", kisha "Ankur" na "Bhumika" kwa siku tofauti, kisha "Arth", na "Mandi" mwisho. Chagua tukio moja katika kila filamu ulitazame mara mbili, mara ya pili bila sauti. Sababu ni kwamba katika filamu nyingi za Kihindi za wakati ule sauti za waigizaji zilirekodiwa upya studioni baada ya upigaji picha. Kinachosikika na kinachoonekana huenda havikufanyika siku moja, na ukizima sauti unabaki na kile kilichotokea mbele ya kamera. Usiamini tafsiri ya chini ya kioo katika "Ankur" na "Mandi": hubeba maana na kuacha lahaja, na lahaja ni nusu ya kazi ya Shabana humo. "Umbartha" ina toleo la Kihindi liitwalo "Subah". Likipatikana la Kimarathi, chukua hilo, ndiyo lugha aliyokulia Smita.

Ubora wa nakala ni jambo lisilosemwa sana na linalomdhuru Smita zaidi. Ngozi yake ilikuwa ya maji ya kunde, iliyopigwa picha kwa vipodozi vichache na mwanga hafifu wa ndani ya nyumba, na katika nakala zilizochakaa zinazozunguka mitandaoni uso wake hugeuka kuwa doa jeusi lenye macho mawili. Kazi yake yote iko katika misuli midogo ya uso huo. "Manthan" imekarabatiwa upya na ikaonyeshwa Cannes mwaka 2024. Ukiipata hiyo, itazame kabla ya "Bhumika" ili jicho lako lijue cha kutafuta pale ambapo nakala uliyonayo haionyeshi vizuri.